Dau Nje ya Zamu

"Nianzie wapi?" aliuliza Mwalimu Verna Pruitt.

"Mwanzo kabisa," alisema Ardith Kolstad. "Nichukulie kama mtoto wa chekechea."

"Hilo si gumu. Hesabu za darasa la nane ulizipita kwa huruma yangu."

Ardith alilimeza neno hilo. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu, na katika kaunti ile ya Montana alishawatia ndani watu wenye mashamba yasiyo na mwisho, lakini mbele ya mwanamke huyu aliyewahi kumfundisha hesabu bado alikaa mgongo wima. Alivuta kiti, akaweka kinasa sauti juu ya kitambaa cha kijani cha meza, akasubiri somo lianze.

Walikuwa wawili tu kwenye chumba cha karata cha baa ya Stirrup. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, theluji ya mwisho wa Machi imegeuka tope barabarani, na baa ilikuwa imefungwa kwa sababu mwenyewe alikuwa mochwari. Gus Radovich alikutwa Jumamosi alasiri chini ya ngazi za stoo, kichwa kimepasuka, wakati ndani ya chumba hiki watu tisa walikuwa wakicheza poka. Ngazi zenyewe zilikuwa kwenye ujia wa vyooni, na ujia ule uliingiliwa kwa milango miwili tu: wa jikoni na wa chumba cha karata.

Aliyemkuta alikuwa mkwe wake, Teo Barela, mpishi wa baa. Teo alitoka ujiani anapiga kelele, mikono imelowa damu mpaka viwikoni. Asubuhi ya siku hiyohiyo walikuwa wamegombana, yeye na Gus, mbele ya wateja, kwa ajili ya jiko bovu ambalo mzee alikataa kulibadilisha. Kwa sherifu hiyo ilitosha. Hakimu akirudi kutoka chakula cha mchana, Teo angesomewa shtaka la kuua, na mkewe Milka, binti wa marehemu, alikuwa hajataka hata kumwona tangu Jumamosi.

Ardith hakuridhika. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema Gus alilala pale chini akivuja damu kwa muda mrefu kabla hajakata roho. Na muda wote huo Teo alikuwa akitoa sahani dirishani, mhudumu akizipokea moja baada ya nyingine. Kama si mtu wa jikoni, basi alikuwa mtu wa mezani. Lakini wachezaji wote tisa walikuwa wamemwambia naibu wa sherifu, kwa sauti ya watu wasio na shaka, kwamba hawakuinuka. Ardith alishinda Jumapili nzima akizisikiliza sauti zao kwenye kinasa, na nusu ya maneno yao ilimpita. Nyumbani kwa akina Kolstad karata ziliwekwa kundi moja na pombe na dansi.

"Haya," alisema Verna. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini karata zilimtii. Aligawa mbili mbili kwenye viti vitupu. "Kila mtu anapata mbili, anazificha. Tano zitawekwa hapa katikati, wazi, za wote. Tatu kwa mpigo mmoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Ya mwisho tunaiita mto, maana ndiko watu wanakozama. Mwenye mkono mzuri kuliko wote anachukua fungu lote lililowekwa katikati. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Zamu yako ikifika na hakuna aliyeweka dau mbele yako, unaweza kugonga meza hivi. Hapo umepitisha, hujalipa kitu. Kama limewekwa, una njia tatu. Unafuata, yaani unaweka kete za pesa sawasawa na mwenzako. Unapandisha, unaweka zaidi yake. Au unalaza karata na kunyamaza, jambo ambalo wanaume wa mji huu hawajawahi kujifunza."

"Na mkwara?"

"Kupandisha huku huna kitu, ili wenye kitu waogope walaze. Baba yako angesema huo ni uongo."

"Baba yangu angesema mengi zaidi ya hayo."

Ardith alibonyeza kinasa. Sauti ya dereva mmoja wa lori ilitoka ikikwaruza: Buck Ostrander hakuwemo, karibu alasiri nzima hakuwemo. Sentensi hiyo ndiyo iliyomfanya Ardith asilale vizuri. Ostrander alikuwa mfugaji mwenye mikono mizito, aliyewahi kuvunja taya la mtu kwenye mnada wa farasi.

"Hapa," alisema. "Shahidi anasema Ostrander hakuwemo. Alikuwa wapi?"

Verna alimtazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Alikuwa kitini kwake, binti. Hakuwemo kwenye mkono. Alilaza. Buck analaza karata kumi ndipo anacheza moja, na hata hizo kumi anazifikiria kama anachagua mke. Mimi nilikaa ubavuni kwake. Ana harufu ya dawa ya kupe, huwezi kumsahau."

Basi Ostrander akatoka kwenye orodha ya washukiwa, na Ardith alikuwa amekosa usingizi bure. Hakukata tamaa. Aliusogeza mkanda mbele mpaka kwenye sauti ya Verna mwenyewe.

Maelezo ya Verna yalikuwa mafupi. Hakuinuka, hakuona mtu, hakusikia kitu. Kisha sauti yake ikapanda: na halafu yule Haskew akaziua ree zangu mbili. Naibu wa sherifu, kijana wa miaka arobaini aitwaye Tuttle ambaye naye hucheza hapo kila Alhamisi, alisikika akiitikia, ndiyo Mwalimu, ndiyo, pole sana. Halafu kiti kilikwaruza sakafu na mkanda ukakatwa.

"Amekuzimia kinasa," alisema Ardith.

"Wote wananizimia masikio." Verna alivaa tena miwani. "Ndivyo ilivyo. Kila anayecheza poka ana hadithi ya jinsi alivyokuwa na karata nzuri akapigwa na takataka, na hakuna anayetaka kusikia ya mwenzake. Ukianza tu, mtu anatikisa kichwa anafikiria chakula chake cha jioni. Hata mimi nawafanyia hivyohivyo."

"Nisimulie mimi."

"Ipi?"

"Hiyo ya Haskew. Yote."

Mwalimu alimkazia macho kuona kama anadhihakiwa. Katika miaka yake yote ya kucheza hakuna mtu aliyewahi kuiomba hadithi kama hiyo. Alipoona uso wa Ardith umetulia, alipekua karata, akatoa ree ya kopa na ree ya shupaza, akaziweka mbele ya kiti chake kwa uchungu ambao haukuwa umepoa.

"Hizi ndizo zangu. Hakuna mkono wa karata mbili unaozidi huu. Mtu mwingine angepandisha. Mimi nikafuata tu, kimya, ninavizia mtu apandishe nimkamate. Hakuna aliyepandisha. Wanalaza mmoja mmoja. Inafika kwa Daktari Haskew."

Wendell Haskew alikuwa daktari wa mifugo. Nusu ya ng'ombe wa kaunti walivutwa matumboni mwa mama zao na mikono yake, na watu walimwachia funguo za nyumba zao bila kuwaza mara mbili.

"Ana tisa na nne," aliendelea Verna. "Tisa ya uru, nne ya pau. Takataka tupu. Na Haskew ni bahili wa mezani, halipi hata kete moja kuona karata kama hizo. Lakini dau lake lilikuwa limeshawekwa, kwa hiyo akagonga meza akaziona tatu za katikati bure. Tisa, nne, mfalme. Unaona? Ameshapata jozi mbili, mimi nina jozi moja. Niko kama kipofu. Naweka, anapandisha. Nasukuma zote. Anafuata. Karata ya nne si kitu. Mto ukaleta ghulamu wa kopa, hausaidii mtu. Jioni ile nikarudi nyumbani kwa miguu ili nisiongee na yeyote."

"Subiri," alisema Ardith. "Dau lake lilikuwa limeshawekwa kwa nini?"

"Nini?"

"Umesema mtu anaziona karata zake mbili, ndipo anaamua. Huyu aliweka kabla hajaamua. Kwa nini?"

"Ah, hiyo. Hilo ni dau la upofu." Verna alichukua kisahani cheupe cha plastiki kutoka trei ya mgawaji. "Hiki kinazunguka meza, kiti kimoja kila raundi. Watu wawili wanaokaa kushoto kwake lazima waweke dau kabla ya kuona karata. Wa kwanza anaweka dogo, wa pili kubwa. Bila hivyo kila mtu angelaza mpaka apate ree, na tungezeeka hapa."

"Kwa hiyo ilikuwa zamu ya Haskew."

"Hapana. Zamu ilikuwa ya Buck na yule dereva wa lori. Kisahani kilikuwa hapa." Alikiweka mbele ya kiti kimoja, kisha akaonyesha kiti kilichofuata upande wa kulia. "Haskew anakaa hapa. Kwake kilikuwa kimeshampita."

"Sasa alilipa nini, kama si zamu yake?"

"Alilipa kwa sababu alikuwa amekosa..."

Mkono wa Verna ulibaki juu ya karata.

"Malizia, Mwalimu."

"Mtu akiwa hayupo kitini na zamu ya dau la upofu ikimfikia," alisema Verna polepole, "mgawaji anaweka kisahani cha manjano mbele ya kete zake. Maana yake unadaiwa na meza. Akirudi anaweza kukaa kando mpaka zamu imzungukie tena. Au anaweka yote mawili palepale, dogo na kubwa, nje ya zamu, ndipo anagawiwa karata."

"Akiwa hayupo kitini."

"Ndiyo."

"Haskew alimwambia Tuttle hakuinuka tangu alipokaa mpaka Teo alipopiga kelele. Ninayo sauti yake."

"Alikosa kubwa, akakosa dogo, na kisahani chenyewe kikampita. Raundi tatu, na Buck yupo mezani akifikiria kila karata; huo ni muda mrefu." Verna alivua miwani tena, safari hii hakuwa anacheka. "Watu wanakwenda chooni, Ardith, hakuna anayewahesabu. Mimi nilikuwa natazama ree zangu. Na hadithi hii nimeisimulia saluni. Nimeisimulia posta. Nimemsimulia mpaka fundi wa bomba."

Ardith alikuwa ameshashika simu. Ree zilizouawa si ushahidi, na wakili yeyote angesema bibi mwenye kinyongo amechanganya raundi. Alihitaji mtu wa pili. Wagawaji wa Stirrup hubadilishana kiti, na aliyekikalia alasiri ile alikuwa LuAnn Stoick. Alimpata nyumbani kwake, mtoto analia upande wa nyuma.

"Kisahani cha manjano?" alisema LuAnn. "Nilikikuta mbele ya kiti cha Wendell nilipokaa. Cora ndiye aliyekiweka kabla hatujabadilishana. Niko naweka sawa trei yangu, Wendell huyo anakuja, anajifuta mikono kwa karatasi za chooni. Akalipa yote mawili. Wala sikumdai, nilikuwa bado sijakitazama vizuri."

"Ni raundi ile aliyompiga Mwalimu Pruitt?"

"Maskini Verna. Ndiyo, ni hiyohiyo."

"Mbona hukumwambia Tuttle?"

"Tuttle aliniuliza nani kapita mlangoni." Sauti ya LuAnn ikawa kali kidogo. "Mlango uko mgongoni kwangu, dada. Ninajibu ninachoulizwa."

Ardith alimwomba aje ofisini kuyasema hayo tena na kuyatia saini. Kisha akampigia Haskew. Alimwambia kuna jambo la mchezo linamshinda kuelewa, na kwamba mawazo yake yangemsaidia sana. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Daktari alikuja moja kwa moja kutoka zizini, buti zina tope, amechoka kama watu wote wa kazi yake msimu wa ndama. Alikuwa mtu mrefu, mnyenyekevu, mwenye sauti ya kutuliza wanyama. Alipomwona Verna amekaa kwenye kiti cha mgawaji alivua kofia.

"Mwalimu. Bado umeninunia?"

"Kaa, Wendell," alisema Verna.

"Hujakamatwa, daktari," alisema Ardith. "Mlango uko wazi na kinasa kinafanya kazi. Ukitaka kuondoka au kumwita wakili, sema tu."

"Wakili wa nini? Niulize."

Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote. Ardith alimsogezea rundo la kete, akamwacha azipange. Alizipanga bila kuzitazama, kwa rangi, safu sawasawa.

"Nimeanza kujifunza leo," alisema Ardith, "kwa hiyo nivumilie. Ukipandisha lazima utangaze?"

"Si lazima, ila ni ustaarabu. Na uziweke kwa mkono mmoja, mara moja. Usiweke nusu, ukawatazama watu usoni, ukaongeza. Hiyo hairuhusiwi."

"Na mtu akionyeshwa karata za jirani kwa bahati mbaya?"

"Anasema. Anasema hapohapo, mezani, kila mtu asikie." Haskew alitabasamu. "Mchezo huu hauna polisi, bibie. Unasimama kwa sababu watu wanaufuata."

"Wewe unaufuata?"

"Uliza yeyote."

"Nimeuliza. Wote wanasema hivyo." Ardith alichukua kisahani cha manjano kwenye trei, akakiweka mbele ya kete zake. "Na hiki? Mtu amerudi, amekikuta. Mgawaji mpya ndiyo kwanza anakaa, hajakiona vizuri. Mtu huyu anaweza kukisogeza pembeni kwa kidole akagawiwa karata zake bure. Afanye nini?"

"Alipe."

"Hata kama hakuna aliyeona?"

"Hasa kama hakuna aliyeona. Asipolipa ni mwizi."

"Jumamosi ulilipa."

Ilimchukua muda kuelewa. Ardith aliiona maana ikimfikia: kwanza machoni, kisha kwenye mikono, ambayo iliacha kuzishika kete. Nje lori lilipita kwenye tope. Verna alikuwa ameinamisha uso.

"LuAnn anakumbuka," aliendelea Ardith. "Mwalimu anakumbuka mpaka karata. Ulikuwa na tisa na nne, mkono ambao hujawahi kuucheza maishani, ukaucheza kwa sababu ulikuwa umeshalipa. Uliondoka kitini raundi tatu nzima, daktari. Kisha ukamwambia naibu wa sherifu hukuinuka. Sitakudanganya, sijui ulikuwa wapi. Ila najua ujia ule una choo, ngazi na milango miwili, na nyuma ya mlango mmoja Teo Barela alikuwa akitoa sahani. Mchana huu anasomewa shtaka la kuua. Ana mke, na mke huyo leo anaamini kaolewa na muuaji wa baba yake."

Haskew alikitazama kisahani kile. Angeweza kuinuka. Ardith alijua, na aliogopa kwamba angeinuka, kwa sababu hakuwa na zaidi ya hapo. Hakuwa na alama ya kidole, hakuwa na aliyeona.

"Gus alinisubiri nje ya choo," alisema Haskew hatimaye. "Akaniambia Joyce alikwenda kumwona. Mke wangu. Alimlilia anifungie mlango, nisicheze tena. Gus akakubali. Amewapigia wenye vyumba vingine vya karata, wote, mpaka mjini Billings. Akasema nimalize alasiri ile kwa amani, iwe ya mwisho."

"Mligombana?"

"Hapana. Alisema kwa upole, mkono wake begani kwangu. Huo upole ndio ulionichoma. Nikamsukuma anipishe. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi nyuma yake. Alikuwa anapandisha makreti ya bia."

"Ulishuka kumtazama?"

"Nilishuka."

"Alikuwa amekufa?"

Verna aliinua uso. Haskew hakumtazama hata mmoja wao.

"Nilimshika shingoni. Mshipa ulikuwa unapiga. Si vibaya sana. Nimeona ndama wenye hali mbaya zaidi wakasimama."

"Wewe ni daktari. Simu iko ukutani juu ya ngazi."

"Nilikuwa naiendea. Naapa nilikuwa naiendea." Sauti ya kutuliza wanyama ilikuwa imekwisha. "Nikasikia wanachanga karata. Upande wa pili wa ukuta. Nikajiambia raundi moja tu, na ndiyo ya mwisho wa maisha yangu, Gus mwenyewe kasema. Raundi moja, kisha napiga. Nikanawa mikono. Halafu ile raundi nikaishinda."

Hapo Verna Pruitt alisimama. Alikuwa amemzika mumewe miaka minne nyuma, na majira ya baridi yote yaliyofuata Gus Radovich alimletea supu mlangoni, akisema imebaki, wakati kila mtu alijua Stirrup haibakizi supu. Alizikusanya karata zote mezani, akaziingiza kwenye kasha lake, akalifunga.

"Ree zangu," alisema. "Nimezililia siku mbili. Gus yuko chini pale, mimi nalilia ree."

Alitoka nje bila koti.

"Jambo moja sijalielewa," alisema Ardith. "Umemwacha mtu anakufa. Unarudi, umenawa damu yake. Na bado unalipa dau la upofu, nje ya zamu, bila kudaiwa. Ungekaa kando ukasubiri zamu yako, leo nisingekuwa na kitu."

Haskew alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba baada ya somo lote lile mwanafunzi bado hajashika la kwanza.

"Ningewezaje kugawiwa bila kulipa?" alisema. "Ni haki ya wenzangu."

Ardith alimsomea haki zake, akamfunga pingu kwa mbele kwa sababu ya bega lake lililoharibiwa na kuvuta ndama, akampigia sherifu. Sherifu alibisha, kisha akausikiliza mkanda simuni, kisha akaacha kubisha. Hakimu alikuwa bado na pai yake mdomoni Ardith alipomfikia mwendesha mashtaka kwenye mgahawa wa ng'ambo ya mahakama.

Milka Barela alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa jela. Alikuwa amekuja kumsikia mumewe akisomewa shtaka, amevaa nguo nyeusi atakayomzikia baba yake. Ardith alikaa karibu naye, akamwambia yote, kwa ufupi na kwa mpangilio, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusema mambo kama hayo. Milka alisikiliza bila kupepesa.

"Daktari Haskew," alisema. "Ndiye aliyemzalisha farasi wangu."

"Najua."

"Teo aliniandikia kwamba alimkuta baba bado anapumua. Akasema alimpakata mpaka mwisho, ndiyo maana ile damu. Nikamwambia askari amrudishie karatasi yake, na amwambie asitaje tena jina la baba yangu." Alikunjua mikono, akaikunja tena. "Nimeolewa naye miaka tisa. Nikaamini shati lenye damu."

Ardith alimwashiria askari wa zamu afungue.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Teo alitoka amevaa nguo za jela bado, viatu mkononi, ndevu za siku mbili. Alimwona mkewe akasimama palepale. Mtu mwingine angekuwa na mengi ya kusema, na alikuwa na haki nayo yote. Milka alinyanyuka, lakini miguu haikumpeleka mbele.

"Alikuulizia," alisema Teo. "Pale chini, kabla hajakata roho, aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko ngazini, unashuka."